Hesabu ya chuo sio ile uliyoizoea, na kazi zake hazina kibao mlangoni

Kipindi cha kwanza kabisa cha hesabu chuoni, mhadhiri aliingia, akaandika ubaoni kwamba namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri unapata sifuri, akageuka akasema, haya, thibitisheni. Tukacheka. Yani watu wazima tuliofaulu mitihani yote mpaka tukafika hapo tunaulizwa kitu cha watoto wadogo. Yeye hakucheka, akasubiri. Mmoja wetu akajitosa, akasema mara sifuri maana yake huna kitu, mhadhiri akamuuliza sasa kama namba yenyewe ni hasi, au ni kipeuo cha pili cha 2, hiyo "huna kitu" inamaanisha nini? Kimya. Ndo akatuonyesha: sifuri ni sawa na sifuri jumlisha sifuri, kwahiyo namba yako mara sifuri ni sawa na namba yako mara mabano ya sifuri jumlisha sifuri, ukifungua mabano kile kitu kinajitokeza mara mbili upande mmoja na mara moja upande wa pili, toa kimoja kila upande, kinachobaki ni sifuri. Mistari mitatu tu. Alafu akaturushia la pili: kwanini hasi mara hasi ni chanya? Hapo hakuna aliyecheka tena, mana kila mtu aliikariri ile sheria tangu utotoni na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza imetoka wapi.

(Imetoka pale pale. Hasi 1 mara mabano ya 1 jumlisha hasi 1 lazima iwe sifuri, si ndo tumethibitisha sasa hivi. Fungua mabano, unapata hasi 1, jumlisha hasi 1 mara hasi 1. Ili jumla iwe sifuri hicho kipande cha mwisho hakina ujanja, lazima kiwe 1.)

Nilitoka pale nikiwa nimechanganyikiwa kidogo na nimekasirika kidogo. Nilikuwa nimekuja kupiga hesabu. Huko nyuma hesabu kwangu ilikuwa mbio, unapewa swali, unatambua ni la aina gani, unachomoa fomula, unakokotoa, unafika kwenye jibu kabla ya mwenzako, unakunja mikono unaangalia wengine wanavyohangaika. Raha yangu yote ilikuwa kwenye ile spidi. Na hapa naambiwa majibu tunayo tayari, tunachotafuta ni sababu, na spidi haina maana yoyote.

Hilo ndo jambo ambalo nisingechoka kumwambia mtu anayejaza fomu za chuo na kuandika hesabu kama chaguo la kwanza kwa sababu alikuwa anapata A. Ile A ilipima kitu kingine. Sio kwamba haina faida, ina faida, mtu ambaye aljebra inampiga chenga hawezi kusogea, lakini ni kama mtu anayeandika kwa haraka na bila kukosea herufi, ukamwambia basi karibu kwenye ushairi.

Mwaka wa kwanza ulinivunja. Tesiti ya kwanza ya somo tuliloliita analisisi nilipata 31 kwa 100, mimi ambaye sikuwahi kuona alama ya aina hiyo kwenye karatasi yangu. Analisisi ni kalkulasi ile ile, yani hesabu ya vitu vinavyobadilika, ila safari hii unarudi chini kwenye msingi na kuuliza vitu kama, tukisema namba "zinakaribia" 5, kukaribia maana yake nini hasa? Jibu rasmi ni kama ubishani wa watu wawili. Wewe unanipa umbali wowote mdogo unaotaka, hata uwe mdogo kiasi gani, na mimi lazima niweze kukuonyesha mahali ambapo kuanzia hapo kwenda mbele namba zote ziko ndani ya huo umbali wako. Nikiweza kwa kila umbali utakaonitajia, nimeshinda, namba zinakaribia 5. Nimeiandika hapa kwa sentensi moja na inaonekana nyepesi, mimi ilinichukua wiki karibu sita kuielewa, na nilikuwa nimeshaikariri kwa alama zake zote za Kigiriki tangu wiki ya kwanza. Kukariri na kuelewa vilikuwa vinaishi nyumba mbili tofauti kichwani kwangu na hata salamu hazipeani.

Kilichonituliza sio mhadhiri wala marafiki, ni historia. Newton na Leibniz walitengeneza kalkulasi karne ya 17 na watu wakaanza kuitumia kukokotoa mwendo wa sayari na kila kitu, lakini ukiwabana waseme zile namba ndogo ndogo ambazo sio sifuri ila baadae wanazifuta kama sifuri ni nini, walikuwa wanababaika. Mwaka 1734 askofu mmoja aliyeitwa George Berkeley akawacheka hadharani, akaziita mizimu ya namba zilizokwisha kuondoka. Na alikuwa na haki. Ilibidi aje Mfaransa Augustin-Louis Cauchy mwaka 1821, na baada yake Mjerumani Karl Weierstrass, ndo ile maana ya ubishani wa watu wawili ikanyooka. Yani vichwa vikubwa kuliko vyote duniani vilitumia karne na zaidi kuweka sawa kitu ambacho mimi nilikuwa nataka kukielewa kabla ya Ijumaa. Basi wiki sita sio aibu.

Namna ya kusoma nayo ilibidi ibadilike. Nilizoea kupiga msuli kwa kupitia madesa, kurasa thelathini usiku mmoja, unapiga mstari chini ya vitu muhimu na unalala ukijiona umesoma. Kitabu cha hesabu ya chuo hakisomwi hivyo, ukurasa mmoja unaweza kula saa nzima na peni lazima iwe mkononi, na swali la kujiuliza kwenye kila thioremu (kauli iliyothibitishwa) ni, je, nikitoa hili sharti moja hapa, kitu gani kinaharibika? Mwandishi amesema fanksheni hii, yani kanuni ya kuipa namba ikurudishie namba nyingine, mchoro wake haukatiki. Kwanini amesema? Ngoja niweke yenye kukatika nione. Ukifanya hivyo unagundua kila neno lililowekwa pale linalipa kodi yake, hakuna neno la urembo. Na kingine ni kuwaelezea wenzako, mana mtu unaweza kujidanganya mwenyewe kwa muda mrefu sana, ila mbele ya mtu mwenye macho ya kuuliza "ehee, alafu?" uongo wako haufiki mstari wa tatu.

Kuna kisa kimoja nakipenda kwa sababu nilishindwa ubishi. Tulikuwa tunabishana kuhusu jumla ya 1 jumlisha nusu jumlisha theluthi jumlisha robo na kuendelea hivyo hivyo bila mwisho. Mimi nikasema haiwezi kupanda milele, vipande vinakuwa vidogo mno, lazima igote mahali. Nikaandika programu ndogo nikaiacha ikajumlisha. Ili jumla ivuke 10 inahitaji vipande 12,367. Ili ivuke 20 inahitaji zaidi ya milioni 272. Nikawa naona kabisa inachoka, nikajiandaa kudai ushindi wangu. Mwenzangu akachukua karatasi, wala kompyuta hakuigusa. Theluthi na robo, kila moja sio chini ya robo, zikiwa mbili zinakupa angalau nusu. Vinne vinavyofuata kila kimoja sio chini ya moja ya nane, nusu nyingine hiyo. Nane vinavyofuata, nusu nyingine. Unaendelea kuokota nusu milele, kwahiyo hakuna ukuta ambao hautauvuka. Hiyo njia ni ya Nicole Oresme, Mfaransa wa karne ya 14, karibu miaka mia tatu kabla ya kina Newton hawajawazwa. Ukitaka jumla ivuke 100 unahitaji vipande ambavyo idadi yake ni namba yenye tarakimu 44, kompyuta yangu ingejumlisha mpaka dunia iishe na ingeendelea kunipa ushahidi kwamba mimi ndo mkweli. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "nimejaribu mara nyingi na inafanya kazi" kuna kengele inalia kichwani.

Na kuna swali moja lilinishinda kabisa, niliseme kabisa mapema. Mwaka wa pili tulipewa karatasi ya mazoezi, swali la 7. Swali la 6 lilionyesha kuna fanksheni ya ajabu ambayo mchoro wake haukatiki kwenye kila namba isiyoandikika kama sehemu (yani kama nusu au robo tatu), na unakatika kwenye kila namba inayoandikika kama sehemu. Inawezekana, ukiiona unashangaa, ila ni mistari michache. Swali la 7 likauliza, je, kinyume chake kinawezekana? Fanksheni isiyokatika kwenye sehemu tu, na kukatika kwingine kote? Nilikaa nalo wiki mbili. Nikaandika "hapana" na maelezo ambayo mhadhiri aliyazungushia duara jekundu, akaandika pembeni: unajua jibu lakini hujui kwanini. Mpaka leo ule wino nauona.

Haya, tuje kwenye kazi, mana najua wengi ndo kinachowaweka roho juu, wao au wazazi wao.

Mtu aliyesoma udaktari anaitwa daktari, wa sheria anaitwa mwanasheria. Aliyesoma hesabu anaulizwa "kwahiyo utafundisha?" Kufundisha ni kazi kubwa na nitaigusa, lakini sababu ya watu kuishiwa hapo ni kwamba matangazo ya kazi hayaandiki "anatafutwa mwanahisabati". Nilikaa miezi baada ya kumaliza chuo nikitafuta hilo neno kwenye matangazo, kosa la kijinga sana nikiliangalia leo. Kazi zipo, ila zimevaa majina mengine. Mchambuzi wa data, mtaalam wa takwimu, aktuari, mchambuzi wa vihatarishi, mhandisi wa programu, mtafiti. Ni lazima usome majukumu chini ya tangazo na sio kichwa cha tangazo, na mara nyingi utakuta majukumu yenyewe ni yale yale uliyokuwa unateseka nayo, ila yameandikwa na mtu ambaye hajui kwamba hiyo ni hesabu.

Intavyu yangu ya kwanza waliniuliza unaweza kufanya nini, nikajibu naweza kuthibitisha vitu. Wakatazamana. Sikuitwa tena.

Iliyonipata kazi ilikuwa kampuni moja ya bima, na waliniajiri kwa sababu moja tu, niliwaonyesha programu niliyoiandika mwenyewe na grafu zake. Sio shahada. Shahada iliniruhusu kuingia kwenye foleni, programu ndo ilinitoa kwenye foleni. Kwahiyo kama uko mwaka wa kwanza na unasoma hapa, jifunze kuandika programu sasa hivi, lugha yoyote ile inayotumika sana, usisubiri chuo kikufundishe, na hata kama moyo wako uko kwenye hesabu safi kabisa isiyogusa dunia chukua angalau kozi mbili tatu za takwimu na uwezekano. Nilizikwepa hizo kozi chuoni kwa dharau, nikiziona za watu wasiojua uthibitisho, alafu nikaja kuzisoma usiku nikiwa kazini, nimechoka, kwa aibu.

Bima ni moja ya nyumba za zamani zaidi za watu wa hesabu. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, mwaka 1693 alichukua kumbukumbu za vizazi na vifo vya mji wa Breslau akatengeneza jedwali la watu wangapi wanafika umri gani, na kutoka hapo akakokotoa malipo ya uzeeni yanapaswa kugharimu kiasi gani kwa mtu wa umri fulani. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanauza kwa kukisia, mara nyingi kijana na mzee bei moja. Aktuari wa leo anafanya kazi hiyo hiyo kwa data nyingi zaidi: hela kiasi gani iwekwe leo ili ahadi za miaka 30 ijayo zilipike. Kuwa aktuari kamili kuna mitihani ya taaluma baada ya shahada, na ni mingi, watu wanaifanya miaka huku wanafanya kazi, wengine wanaacha katikati. Mimi ni mmoja wa walioacha katikati. Sijutii sana.

Lakini ni pale pale kwenye bima nilipoona kwa mara ya kwanza ile shahada inafanya kazi mbele ya macho yangu. Walinunua mfumo wa kunusa madai ya uongo. Muuzaji alisema una usahihi wa asilimia 99, ukipewa dai la uongo unalikamata mara 99 kwa 100, na ukipewa dai la kweli unaliachia mara 99 kwa 100. Bosi mmoja akapendekeza basi kila dai litakalonaswa likataliwe moja kwa moja, mana mashine haikosei. Mimi nilikuwa mdogo kwenye kile kikao, nimekaa pembeni kabisa, nikaomba kuuliza: madai ya uongo ni mangapi kwa kawaida? Wakasema tuchukulie moja kwenye kila 1,000. Nikasogea ubaoni. Chukua madai 100,000. Ya uongo ni 100, mfumo unanasa 99. Ya kweli ni 99,900, na mfumo unakosea asilimia 1 ya hayo, ambayo ni 999. Jumla yaliyonaswa ni 1,098, na ya uongo humo ni 99 tu. Yani katika kila watu 11 unaowakatalia malipo, 10 ni watu wakweli, wengine wamefiwa, wengine nyumba imeungua. Kulikuwa na ukimya kama ule wa hasi mara hasi. Baadae wakaamua yanayonaswa yapelekwe kwa mtu ayapitie kwa macho, na mimi nikaanza kuitwa kwenye vikao ambavyo havikuwa vyangu.

Ile hesabu ya ubaoni mtoto wa sekondari anaiweza, ni kuzidisha na kugawanya. Sikuhitaji shahada kuikokotoa. Nilihitaji shahada ili nisikie neno "asilimia 99" nisikubali kabla sijauliza asilimia 99 ya nini. Ni ile tabia ya mhadhiri wa siku ya kwanza, imeingia mwilini.

Kutoka hapo nilihamia kwenye data na baadae kwenye mambo ya mashine zinazojifunza, na huko ukifunua boneti unakutana na sura unazozijua. Hizi akili bandia zinazoongelewa kila kona, ndani yake ni matrisi (majedwali ya namba) zinazidishwa na matrisi, mabilioni ya mara, ile aljebra ya mstari ya mwaka wa kwanza ambayo watu waliiona ya kuchosha. Jinsi zinavyofunzwa ni kwamba unapima kosa, unaangalia mteremko uko upande gani, unashuka hatua moja ndogo, unapima tena. Wazo hilo la kushuka mteremko Cauchy aliliandika mwaka 1847, Cauchy yule yule wa ile maana ya kukaribia aliyenitesa mwaka wa kwanza, kumbe ananisubiri ofisini. Mtu anaweza kutumia hivi vitu bila kujua hesabu yake na wengi wanafanya hivyo na wanalipwa vizuri tu, sitaki kudanganya. Tofauti inaonekana siku kitu kinapoharibika na hakuna wa kumuuliza.

Kuna wale wa kriptografia, yani ufundi wa kufunga ujumbe usisomwe na wengine, kazi ninayoionea wivu. Nadharia ya namba kwa karne nyingi ilikuwa mchezo wa watu wanaopenda namba tasa kwa uzuri wake tu, hakuna aliyetarajia iletee mtu mkate. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakaitumia kutengeneza kufuli ambalo kila mtu anaweza kulifunga ila mmoja tu ndo anaweza kulifungua. Jaribu kwa namba ndogo: chukua tasa mbili, 3 na 11, zidisha upate 33. Ujumbe wako ni 4. Kuufunga, upe kipeo cha 3, unapata 64, gawanya kwa 33, baki ni 31. Unatuma 31. Mwenye ufunguo, ambao hapa ni 7, anaipa 31 kipeo cha 7, anagawanya kwa 33, na baki linalorudi ni 4. Fanya mwenyewe kwa karatasi (dokezo: 31 ni sawa na hasi 2 ukihesabu kwa 33, itakuokolea muda). Siri yote ni kwamba kujua 33 ni 3 mara 11 ni rahisi, lakini namba ya mamia ya tarakimu hakuna anayejua njia ya haraka ya kuirudisha kwenye tasa zake kwa kompyuta za kawaida. Uingereza, Clifford Cocks alikuwa ameligundua wazo hilo hilo mwaka 1973 ndani ya idara ya ujasusi, na ilibaki siri mpaka 1997. Hebu fikiria unakaa na kitu kama hicho miaka 24 na huruhusiwi kumwambia hata mkeo.

Kuna wanaopanga njia za magari ya mizigo na ratiba za ndege, fani iliyopata nguvu baada ya Mmarekani George Dantzig kutoa mwaka 1947 njia yake ya simpleksi, ya kutafuta mpango bora kati ya mingi. Dantzig ndo yule aliyechelewa darasani mwaka 1939 akakuta maswali mawili ubaoni, akadhani ni homuweki, akaenda kuyafanya, akaomba radhi kwamba amechukua muda kidogo, kumbe yalikuwa maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyatatua. Kisa kinasimuliwa sana na ni cha kweli, ingawa nadhani kinaharibu watu, kinawafanya waamini hesabu ni ya wanaozaliwa nayo. Mimi napenda zaidi Maryam Mirzakhani, mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hesabu, mwaka 2014, ambaye mwenyewe alisema ni mtu wa polepole. Polepole! Na mimi niliyejivunia spidi nilipata 31.

Mabenki na masoko ya hisa nayo yanachukua watu wa hesabu na yanalipa kuliko wengi, sina mengi ya kusema hapo, nilifanya intavyu mbili nikaona watu hawalali. Takwimu za tiba ni eneo zuri na halisemwi vya kutosha, kila dawa mpya kuna mtu wa takwimu aliyeamua majaribio yawe na wagonjwa wangapi na matokeo yasomweje.

Kubaki chuoni kuwa mtafiti, niseme ukweli hata kama unauma. Ni njia nzuri na ni nyembamba. Shahada ya kwanza, ya pili, uzamivu, alafu miaka ya mikataba mifupi mifupi mji huu na mji ule, na mwisho wake nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitaka. Rafiki yangu aliyekuwa bora kuliko sisi wote aliifuata, akafika mpaka uzamivu, sasa hivi anaandika programu kwenye kampuni na anasema amepumzika. Mwingine, wa kawaida kabisa darasani ila king'ang'anizi, ndo leo mhadhiri. Ifuate kama usipoifuata utaumwa. Kama unaweza kuishi bila hiyo, utaishi vizuri tu.

Na kufundisha. Wanaosema "utaishia kufundisha" wananiudhi sana, kama vile ni kapu la waliobaki. Kila mtu aliyeichukia hesabu ukimuuliza anakutajia mwalimu, jina kabisa, na siku yenyewe. Na aliyeipenda hivyo hivyo. Mtu anayejua kwanini hasi mara hasi ni chanya akisimama mbele ya watoto arobaini, kuna swali moja la "kwanini" ambalo halitajibiwa kwa kiboko au kwa "ndivyo ilivyo". Wanaolipwa kwa kazi hiyo walipwe zaidi, hilo ni somo jingine.

Nani asiisome? Wewe ambaye unaipenda kwa sababu unamaliza wa kwanza, jaribu kwanza jambo moja. Tafuta uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu, usome, ufunge kitabu, uuandike upya kwa maneno yako siku mbili baadae. Kama ulipofika pale ambapo kitu lazima kiwe shufwa na hakiwezi kuwa shufwa ulihisi kitu kama kutabasamu, njoo. Kama ulihisi "sasa hii ya nini", kasome uhandisi, utaitumia hesabu kila siku na utakuwa na furaha, na sisemi hivyo kwa kejeli, nusu ya wale walionizidi mwaka wa kwanza walihamia huko na hawajawahi kuangalia nyuma.

Swali la 7, nilikuja kujua baadae kwamba lina mwenyewe. Vito Volterra, Mtaliano, alithibitisha mwaka 1881 kwamba fanksheni ya namna hiyo haiwezi kuwepo, akiwa bado mwanafunzi, wa umri ule ule niliokuwa nao mimi siku ya wino mwekundu. Kuna njia nyingine fupi iliyokuja baadae kwa Mfaransa René Baire na hiyo niliisoma na kuielewa zamani. Ila ile ya Volterra nimekataa kuifungua mahali popote, nataka niifikie kwa miguu yangu. Jumamosi iliyopita nilikaa nayo tena asubuhi nzima, simu nimezima. Nina vipande viwili vya mstari, cha pili kimelala ndani ya cha kwanza, na najua lazima kije cha tatu ndani ya cha pili, na ndani ya vyote kuna namba moja ambayo lazima iwe sehemu na isiwe sehemu kwa wakati mmoja. Bado sijajua cha tatu nakichagua vipi.